Sheria Ilikuwepo, Watu wa Kuisemea Ndio Walikosa

Mwezi jana rafiki yangu alinipigia simu saa nne usiku. Tulisoma naye sekondari. Yeye akaenda kusomea uchumi, mimi nikaishia kufanya hizi video na kuandika haya mnayosoma. Alikuwa amepata kazi mbili kwa wiki moja, na mnajua vile hiyo ni muujiza kwa hii Kenya. Ya kwanza ilikuwa kampuni kubwa: mshahara wa maana, bima ya matibabu, ofisi ya ghorofa ya juu. Ya pili ilikuwa kikundi kidogo cha utetezi, watu sita kwa chumba kimoja, kazi yao kufuatilia vile kampuni kubwa zinabana wafanyabiashara wadogo. Mshahara wa hapo haukufika hata nusu ya ule mwingine. Mamake alikuwa ashauliza kama walimsomesha miaka yote hiyo ili akaandike barua za malalamiko.

"Sasa wewe unaonaje?" akaniuliza.

Nilimjibu bila kufikiria. "Chukua doo, wacha mchezo. Hao watu sita watabadilisha nini?"

Akanyamaza kidogo, akasema sawa, akakata simu.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nimeuliza swali kwa dharau, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na jibu lake. Watu sita wanaojua sheria za ushindani, wakikaa kwa chumba kimoja, huwa wanabadilisha nini? Nikaanza kusoma. Na kusoma kukanipeleka Marekani, kwa sababu huko ndiko hii vita ya kupinga ukiritimba ina historia ndefu, na ndiko zilikotoka kampuni ambazo mimi na wewe tunaingia ndani yake kila asubuhi tukishika simu. Ukiritimba, kwa wale walilala darasani, ni pale mtu mmoja ameshika soko mpaka wewe huna pengine pa kwenda.

Tuanze na mafuta.

Mwaka 1870 John D. Rockefeller na wenzake walianzisha Standard Oil huko Ohio. Miaka miwili baadaye, mwaka 1872, kwa wiki chache tu, alinunua washindani wake 22 kati ya 26 waliokuwa mji wa Cleveland. Alifanyaje? Mafuta yalisafirishwa kwa reli, na palikuwa na mpango wa siri na kampuni za reli. Rockefeller na wenzake wangerudishiwa sehemu ya nauli waliyolipa. Hiyo ungesema ni bei ya mteja mkubwa, sawa. Lakini sikia hii: wangelipwa pia sehemu ya nauli iliyolipwa na washindani wao. Yaani wewe unasafirisha mzigo wako, na pesa kidogo ya nauli yako inaingia kwa mfuko wa mtu anayetaka kukumaliza. Wachimbaji wa Pennsylvania walipojua walichemka, na ule mpango ukavunjika kabla haujaanza vizuri. Lakini washindani wengi wa Cleveland walikuwa washauza.

Kwa hao watu wa Pennsylvania kulikuwa na msichana wa miaka 14 anaitwa Ida Tarbell. Babake alikuwa kwa biashara hiyo ya mafuta na aliumia. Weka huyo msichana akilini, tutarudi kwake.

Mwaka 1890 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kupinga ukiritimba, maarufu kama Sherman Act, kwa jina la seneta John Sherman. Ukiisoma, ni kali. Inasema kuhodhi biashara ni kosa la jinai. Ungedhani Rockefeller alianza kufunga virago. Wapi! Mwaka 1895 kesi ya kwanza kubwa ilifika Mahakama ya Juu, kuhusu kampuni ya sukari iliyokuwa imeshika karibu asilimia 98 ya usafishaji wa sukari nchi nzima. Mahakama ikasema kutengeneza sukari si biashara ya kati ya majimbo, kwa hivyo sheria haiwahusu. Kesi ikaisha hivyo. Sheria ilikuwa imeandikwa, ikasainiwa, ikawekwa kabatini.

Kilichoitoa kabatini ni yule msichana. Ida Tarbell alikuwa amekuwa mwandishi wa jarida la McClure's, na kuanzia Novemba 1902 akachapisha historia ya Standard Oil kwa sehemu 19. Babake mwenyewe alimkanya, akaogopa hao watu watalizamisha jarida. Hakusikia. Alichimba rekodi za korti, ripoti za serikali, barua, akaongea hadi na mkubwa mmoja wa ndani ya Standard Oil yenyewe. Hakutukana mtu. Aliweka tu mambo mezani, moja baada ya jingine, kwa lugha ambayo mwenye duka angeielewa. Mwaka 1906 serikali ikaishtaki Standard Oil kwa ile sheria ya 1890, na mwaka 1911 Mahakama ya Juu ikaamuru ivunjwe vipande 34.

Sheria ni ile ile. Kati ya kesi ya sukari na kesi ya mafuta, watu walikuwa wameelezwa kitu kikaeleweka, na serikali ikapata nguvu ya kukifuata.

Hapo nilidhani hadithi imeisha. Kumbe sheria ikitolewa kabatini inaweza kurudishwa.

Mwaka 1978 profesa wa sheria wa chuo cha Yale, Robert Bork, alichapisha kitabu kinaitwa The Antitrust Paradox. Hoja yake, kwa ufupi wangu: hizi sheria lengo lake liwe moja tu, ustawi wa mnunuzi. Hoja yenyewe ilikuwa na mengi ndani yake, lakini ikifika kortini na kwa ofisi za serikali swali lililobaki ni moja: je, bei imepanda? Kama haijapanda, acheni kampuni ikue. Inasikika poa, si ndiyo? Nani hataki vitu rahisi? Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilikuwa tayari inamnukuu. Serikali ya Ronald Reagan ilipoingia mwaka 1981 ikalegeza masharti ya kampuni kuungana, na serikali zilizofuata, za vyama vyote viwili, hazikugeuza sana njia. Hakuna aliyefuta Sherman Act. Hadi leo iko. Ila ilisomwa kwa miwani nyembamba hivi kwamba mambo mengi hayakuonekana.

Na sasa ndio tunafika kwa ule mchezo wa watu sita.

Miaka ya 2000 mwandishi wa habari za biashara anaitwa Barry Lynn alikuwa Washington, kwa taasisi ya utafiti wa sera inayoitwa New America. Alikuwa na wazo ambalo wakubwa wa uchumi waliliona la kizamani: kwamba ukiritimba umerudi Marekani, na shida yake si bei peke yake, ni nguvu. Nani ana nguvu ya kumwambia nani afanye nini. Mwaka 2010 aliandika kitabu juu ya hayo, Cornered. Mwaka 2011 akaajiri msichana aliyekuwa ametoka tu chuo, hana digrii ya sheria wala ya uchumi. Jina lake Lina Khan. Alizaliwa London, wazazi wake ni Wapakistani, na familia ilihamia Marekani akiwa na miaka 11.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kupendeza kwa picha. Alitumwa kuchunguza soko moja moja: nani anauza, nani ananunua, wamebaki wangapi. Akasoma mambo ya peremende. Akasoma mambo ya kuku. Hiyo ya kuku ndiyo ilinikamata, wacha niwaeleze.

Mfugaji wa kuku wa nyama huko Marekani mara nyingi hamiliki kuku. Kampuni inaleta vifaranga, inaleta chakula, inakuja kuchukua kuku wakiwa tayari. Mfugaji anamiliki nini? Banda, na mkopo wa benki aliojengea banda. Halafu malipo yake yanapangwa kwa kumlinganisha na wafugaji wenzake wanaouzia kampuni hiyo hiyo: aliyefanya vizuri anapanda, aliye chini anakatwa. Na vifaranga na chakula havitoki kwake, vinatoka kwa hiyo kampuni. Kama kwenu ni kampuni moja tu inanunua kuku, utaenda wapi na mabanda yako? Mwaka 2012 Khan aliandika kwa jarida la Washington Monthly vile serikali ya Obama iliwaita hawa wafugaji waseme shida zao hadharani, wengine wakasema huku wanaogopa kulipiziwa, halafu mabadiliko waliyoahidiwa yakayeyuka.

Sasa kumbuka swali la Bork: je, bei ya kuku imepanda dukani? Hapana. Basi hakuna shida. Mfugaji haonekani kwa hiyo miwani. Khan alimwona kwa sababu kuna mtu alimlipa mshahara wa kumtafuta.

Baadaye akaenda kusomea sheria, Yale, chuo kile kile ambacho Bork alifundisha. Januari 2017, akiwa bado mwanafunzi, jarida la sheria la chuo likachapisha makala yake ya kurasa karibu 100, Amazon's Antitrust Paradox. Umeona alivyochezea jina la kitabu cha mzee?

Hoja yake nitaiweka kimtaa. Chukulia kuna soko ambalo wateja wote wa mtaa wanaenda. Wewe unauza nguo humo, unalipa kodi ya kibanda. Mwenye soko naye ana kibanda chake mlangoni. Anajua kila siku umeuza nini, kwa bei gani, na nani alirudi kununua tena. Akiona suruali fulani inaenda, kesho anaileta mlangoni kwa bei ya chini kuliko yako, na hajali akipata hasara mwaka mzima, kwa sababu ana kodi zenu nyote. Mteja anafurahi, bei imeshuka. Miaka mitatu baadaye ni nani amebaki sokoni?

Mfano mmoja aliotumia ni wa nepi. Kulikuwa na kampuni inaitwa Quidsi iliyokuwa ikiuza nepi mtandaoni vizuri sana. Amazon ikataka kuinunua mwaka 2009, wenyewe wakakataa. Bei za nepi kwa Amazon zikashuka, hadi asilimia 30. Mwaka 2010 Quidsi ikakubali kuuzwa, kwa dola milioni 545 hivi. Na Amazon ilipokuwa imeshika hilo soko, anasema Khan, ule ukarimu wa bei ukaanza kupungua. Ukipima kwa miwani ya Bork siku ile bei imeshuka, utapiga makofi.

Wakubwa wa fani walicheka. Wakaiita hiyo mikondo mipya jina la kejeli, sheria ya ushindani ya vijana wa fasheni. Lakini makala ilisomwa na watu wengi kuliko makala yoyote ya sheria ninayoijua.

Halafu kukawa na mambo. Tarehe 27 Juni 2017 Umoja wa Ulaya uliipiga Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kupendelea huduma yake ya kulinganisha bei za bidhaa kwenye matokeo ya utafutaji. Barry Lynn akaweka taarifa fupi kwa tovuti ya New America kuwapongeza Wazungu wa Ulaya na kuwaambia Wamarekani wafuate. Shida ni kwamba Google na mwenyekiti wake Eric Schmidt walikuwa wameipa New America zaidi ya dola milioni 21 tangu taasisi ianzishwe mwaka 1999, na Schmidt alikuwa amewahi kuwa mwenyekiti wa bodi yake. Mwisho wa Agosti habari ikatoka kwa New York Times: Lynn na timu yake, watu kama 10, wameambiwa waende.

Nitakuwa mkweli kwenu. New America ilikana kwamba ilifanya hivyo kwa sababu ya Google. Ilisema Lynn hakuwa muwazi kwa wenzake. Google nayo ilikana. Sikuwa kwa hicho chumba na sitajifanya nilikuwa. Lakini swali nililobaki nalo halihitaji kujua nani alimpigia nani simu. Ukiwa mtaalamu wa ukiritimba, na kodi ya ofisi yako inalipwa na kampuni unayopaswa kuichunguza, kuna sentensi ngapi utazifuta mwenyewe kabla mtu hajakuambia uzifute?

Walioondolewa wakaanzisha taasisi yao, Open Markets Institute. Na huyu Lina Khan, sasa ana shahada ya Yale na makala inayosomwa kila mahali, alienda wapi? Angeweza kuingia kampuni ya mawakili na kulipwa vizuri sana kutetea hao hao aliowaandika. Alirudi kwa wale waliofukuzwa, akawa mkurugenzi wao wa sera za sheria.

Hiki ndicho kipande nilichokuwa natafuta tangu ile simu. Kwa sababu siku hiyo, kwa mtu yeyote mwenye akili za kawaida, ulikuwa uamuzi wa kipumbavu. Kikundi kimetoka kufukuzwa. Hakina mfadhili wa kutegemewa. Mimi ningemwambia vile nilimwambia rafiki yangu.

Yaliyofuata mnaweza kuyahesabu. Mwaka 2018 akafanya kazi na kamishna mmoja wa Tume ya Biashara ya serikali, ile FTC. Mwaka 2019 akaingia kamati ya Bunge iliyochunguza kampuni nne kubwa za teknolojia. Julai 2020 wakuu wa Amazon, Apple, Google na Facebook wakahojiwa siku moja kupitia video, na Oktoba ripoti ikatoka, kurasa karibu 450. Mwaka huo huo Sarah Miller, ambaye pia alitoka Open Markets, akaanzisha kikundi kingine, American Economic Liberties Project. Juni 2021 Seneti ikampitisha Khan kwa kura 69 kwa 28, na akawa mwenyekiti wa FTC akiwa na miaka 32, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Kabla mwezi haujaisha Amazon ikaomba ajiondoe kwa mambo yanayoihusu, kwa sababu ya yale aliyoyaandika. Facebook nayo ikafuata. Kumbe kurasa walizozicheka walikuwa wamezisoma vizuri.

Sitaki kuwauzia sinema. Alipoteza pia. Mwaka 2023 alishindwa kuzuia Microsoft kuinunua Activision. Mwaka 2024 mahakama ya Texas ilizima kanuni yake ya kuzuia mikataba inayomkataza mfanyakazi kuhamia kwa mshindani. Aliondoka Januari 2025, na Novemba mwaka huo FTC ikashindwa kesi yake dhidi ya Meta. Kesi dhidi ya Amazon, iliyofunguliwa Septemba 2023 pamoja na majimbo 17, bado haijaamuliwa. Kwa upande mwingine, Agosti 2024 jaji wa Washington aliamua kwamba Google ni mkiritimba katika soko la utafutaji, kwa kesi iliyofunguliwa na Wizara ya Haki mwaka 2020. Na sheria iliyotumika? Ni ile ile ya 1890. Miaka 134.

Kwa hivyo watu sita hubadilisha nini? Hawabadilishi sheria, mara nyingi sheria iko. Hawana askari wala korti. Wanachofanya ni kuweka hai namna moja ya kuuliza maswali hadi siku serikali au jaji atakapoihitaji. Khan alipoingia FTC hakuanza kutafuta hoja. Zilikuwa zimepikwa miaka kumi kwa chumba kidogo, na watu waliochekwa.

Sisi nasi tunayo kabati yetu. Kenya ilikuwa na sheria ya ukiritimba na udhibiti wa bei tangu miaka ya mwisho ya 80, kisha ikaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 iliyounda mamlaka ya kuisimamia. Mwaka 2023 mamlaka hiyo ilitoza kampuni tisa za chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kupanga bei pamoja. Ni wangapi kati yetu tuliiongelea hiyo? Unajenga kwa mathe kule ushago, unanunua chuma, na hukujua. Mimi pia sikujua, na kazi yangu ni kuongea. Kwa nini sikujua? Labda kwa sababu hakuna Tarbell wa chuma aliyekaa chini akanieleza.

Na mimi mwenyewe naishi kwa soko la mwenye soko. Video zangu zinasambazwa na mtambo ambao sijawahi kumwona mwenyewe. Ukibadilishwa usiku, asubuhi nimelala njaa, na hakuna ofisi ya kugonga mlango. Kwa hivyo nilipomwambia rafiki yangu "chukua doo", nilikuwa nikimshauri aachane na watu wachache ambao wangeweza kunisemea mimi.

Nilimpigia tena wiki iliyopita. Sikumwambia akatae ile kazi kubwa. Kodi ya nyumba hailipwi na historia, na ana ndugu wawili shuleni. Nilimwomba tu msamaha kwa lile swali, nikamwambia aulize pande zote mbili kitu kimoja kabla ya kusaini: nani analipa, na ni jambo gani huyo anayelipa hangependa lisemwe?

Akacheka. Akaniambia alishauliza. Wale wa ghorofa ya juu walibadilisha mada. Wale watu sita walimtolea orodha ya wafadhili wao, wakamwambia mmoja anaweza kutoka mwaka ujao.

Jumatatu anaanza kazi, kwa kile chumba kimoja. Mamake bado hajafurahi. Nimemwahidi nitaenda kumweleza, na nadhani nitaanza na kuku.